Jinsi ya kuanzisha kundi la utafiti na kulilea hadi likomae

Makundi mengi ya utafiti katika vyuo vyetu huzaliwa na tangazo la mfadhili. Wito wa maandiko unatoka, zimebaki wiki tatu, mtu anawapigia simu wenzake aliosoma nao Makerere, Nairobi au Dodoma, majina yanajazwa kwenye fomu na andiko linatumwa. Likikataliwa, kundi linakufa siku hiyohiyo. Likikubaliwa, watu ambao hawajawahi kuandika pamoja hata ukurasa mmoja wanajikuta na pesa mkononi, tarehe ya mwisho mbele yao, na hakuna walichokubaliana.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kwenda njia nyingine: kundi kwanza, pesa baadaye. Mambo matatu yanayovunja makundi, yaani majina kwenye makala, data na fedha, yanaamuliwa mapema, wakati bado hakuna cha kugombania. Nitatumia mifano miwili. Wa kwanza ni Masakhane, kundi la watafiti wa teknolojia ya lugha za Kiafrika lililoanza mwaka 2019 bila jengo wala idara. Wa pili ni wa kufikirika, ila unahusu jambo halisi: tuseme mnataka kuchunguza kilimo cha mwani kati ya Zanzibar na Kwale, pwani ya Kenya.

Hatua ya 1: Tafuta swali usiloweza kulimaliza peke yako

Kama swali lako unaweza kulijibu mwenyewe kwa miezi sita, lijibu. Kundi litakuchelewesha tu. Swali la kundi lina kipande ambacho huna uwezo nacho: lugha usiyoijua, sampuli zilizo upande wa pili wa mpaka, uchambuzi wa takwimu ambao hukuusomea.

Swali la Masakhane lilikuwa la aina hiyo. Tafsiri ya kompyuta kwa lugha za Kiafrika ilikuwa duni kwa sababu data ilikuwa haba, na hata palipokuwa na data, hakuna mtafiti mmoja aliyeweza kusoma matokeo ya Kiyoruba, Kiluganda, Kiamhari na Kiswahili akasema hapa mashine imekosea. Wasemaji wa lugha walihitajika ndani ya utafiti wenyewe. Kundi lilikua kupitia mtandao wa Deep Learning Indaba, kongamano la watafiti wa akili mnemba barani Afrika, ambalo mwaka huo lilifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Baada ya hapo kazi ikaendelea mtandaoni.

Andika swali lenu kwa sentensi moja isiyo na istilahi. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii za pwani" ni kichwa cha semina, hakimwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Linganisha na hili: "Kwa nini mwani aina ya cottonii unawafia wakulima wa Paje na Jambiani, Zanzibar, na wakulima wa Kibuyuni kule Kwale wanafanya nini tofauti?" Hapo unaona mara moja unahitaji nani. Cottonii ina bei nzuri kuliko spinosum, aina nyingine ya mwani, lakini haivumilii maji yakipata joto, kwa hiyo lazima awepo mtu wa biolojia ya bahari. Wakulima wengi ni wanawake, na uamuzi wa kuhamia spinosum ni uamuzi wa kipato cha nyumba, kwa hiyo lazima awepo mtu wa uchumi au sosholojia. Na lazima wawepo wakulima wenyewe, tangu kwenye kuuliza swali, maana kilimo hiki kipo Zanzibar tangu 1989 na wao wameona misimu mingi kuliko mtafiti yeyote.

Hatua ya 2: Watu wachache, kazi moja ndogo

Anza na watu wanne, watano au sita. Wachague kwa kile watakachobeba, urafiki usiwe kigezo. Mmoja anaijua mada, mmoja anajua takwimu, mmoja anaishi au anafanya kazi eneo la utafiti, mmoja ana mkono mwepesi wa kuandika. Mpate pia mtu mmoja wa ngazi ya chini, mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri msaidizi, ambaye kundi likifanikiwa ndiye atakayenufaika zaidi. Huyo mara nyingi ndiye atakayelisukuma wakati wakubwa wamebanwa na kusahihisha mitihani.

Kisha msikae kuandika dira na dhamira. Fanyeni kazi ndogo ya kweli inayoisha ndani ya mwezi mmoja. Kwa kundi la mwani, kila mmoja aende shambani na kupima mavuno ya kamba zilezile zinazofungiwa mwani. Mtashangaa: mmoja amepima mwani unaochuruzika maji, mwingine ameutundika kwanza mpaka ukaacha kudondosha, wa tatu ameandika uzito wa mkavu, na wote wameandika "kilo". Kwa kundi la lugha, wape watu wawili sentensi hamsini za gazeti waweke alama kwenye majina ya watu, mahali na taasisi. "Ikulu imetoa taarifa" na "Alifika Ikulu saa nne" zitawagawa hapohapo: je, Ikulu ni taasisi au mahali? "Chuo Kikuu cha Dar es Salaam" ni jina moja la taasisi, au Dar es Salaam iliyo ndani yake ihesabiwe pia kama mahali?

Kutofautiana huko ndiyo faida ya kazi ndogo. Andikeni uamuzi mliofikia kwenye waraka mmoja wa utaratibu, wenye mifano, na kila mgeni atakayejiunga aanze kwa kuusoma. Mtajuana pia tabia. Aliyechelewesha sentensi hamsini kwa wiki tatu bila kutoa neno atachelewesha na ripoti ya mfadhili.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano ya kurasa mbili

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Watu huona aibu kuandikishana na marafiki. Mwandikishane hata hivyo, na mfanye hivyo kabla data haijaanza kuingia. Kurasa mbili zinatosha, kwa lugha ya kawaida, na kila mmoja anaweka sahihi.

Anzeni na majina kwenye makala. Katika vyuo vyetu vingi kupanda cheo kunategemea machapisho, na nafasi ya jina inahesabiwa, kwa hiyo hili ni suala la mshahara na maisha ya mtu. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Kila aliyeshiriki kubuni utafiti, kukusanya data, kuchambua au kuandika atapelekewa rasimu na kupewa siku 14 za kusoma na kutoa maoni kabla makala haijatumwa jaridani. Mwandishi wa kwanza ni yule aliyebeba uchambuzi mkuu na rasimu ya kwanza. Mpangilio wa majina utapitiwa upya mara mbili: data ikikamilika, na rasimu ya kwanza ikiwa tayari."

Hizo siku 14 zina sababu. Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinavyofuatwa na majarida mengi ya afya, vinataka mwandishi atimize mambo manne: awe na mchango mkubwa kwenye ubunifu wa kazi au kwenye data, ashiriki kuandika au kuhakiki rasimu, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Wengi hutumia vigezo hivi kuwatoa wasaidizi wa utafiti: "Alikusanya data tu, hakuandika." Lakini mwongozo huohuo unasema aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vilivyobaki. Usipompelekea rasimu, ni wewe uliyemzuia. Msaidizi aliyebuni njia bora ya kupima, au aliyegundua kwamba swali la saba la hojaji linaeleweka vibaya Kwale, mpelekee rasimu.

Kwa uwazi zaidi tumieni CRediT, orodha ya aina 14 za michango ambayo majarida mengi sasa huidai. Chora jedwali, safu za kushuka ziwe majina na za kulala ziwe michango: wazo, mbinu, ukusanyaji, uchambuzi, programu, uandishi wa rasimu, usimamizi, upatikanaji wa fedha na nyinginezo. Lijazeni kila baada ya miezi mitatu, msingoje mwisho.

Jedwali hilo linasaidia pia pale mkubwa wa idara anapotarajia jina lake liwemo bila kuigusa kazi. Kijana hawezi kumwambia profesa wake "hukufanya kitu", na hana haja. Anaweza kusema: "Shikamoo Profesa. Jarida linataka jedwali la michango ya kila mwandishi, tunaomba utujazie sehemu yako. Na kama una nafasi, tungeshukuru sana ukitupitia sehemu ya mjadala." Profesa makini atafanya moja kati ya mawili: atapitia kwa dhati na mchango utakuwa wa kweli, au atasema mumtaje kwenye shukrani. Heshima inabaki mahali pake.

Masakhane walilishughulikia suala la majina kwa njia yao. Makala yao ya mwaka 2020 kuhusu utafiti shirikishi wa tafsiri ya kompyuta ilitoka na waandishi wengi sana, na jina la kwanza halikuwa la mtu. Waliweka alama ya hisabati ∀, yenye maana ya "kwa kila", kuwakilisha jamii nzima, halafu yakafuata majina ya watu. Makala hiyohiyo iliwatambua waandaaji wa maudhui, wafasiri, wasanifu wa data, wanateknolojia na watathmini kama washiriki wa utafiti, kila mmoja kwa kazi yake. Sisemi kila kundi lifanye hivyo, maana kamati za vyeo huenda zisijue la kufanya na alama hiyo. Ninachosema ni kwamba walikaa wakaamua.

Upande wa data, jibuni maswali manne kwa maandishi. Data ghafi itakaa wapi? Nani anaweza kuitumia, na anamwomba nani? Itawekwa wazi kwa umma lini na kwa leseni gani? Na mwanachama akiondoka, anaondoka na nini? Hilo la mwisho liandikeni hata mkiona halihitajiki, kwa sababu watu wanahama vyuo, wanaenda masomoni, wanapata kazi serikalini.

Hatua ya 4: Vikao na lugha ya kazi

Kikao kimoja kila wiki mbili, saa moja, siku isiyobadilika. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wako pamoja kwa saa, lakini Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja: saa nane mchana ya Dar ni saa saba mchana ya Bukavu. Kuna pia wenzetu wanaohesabu saa za Kiswahili na wanaohesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwenye mwaliko andika kwa tarakimu: 14:00, saa za Afrika Mashariki.

Amueni lugha. Ikiwa nusu ya kundi wamesoma kwa Kifaransa na nusu kwa Kiingereza, kikao cha Kiingereza kitawanyamazisha wa Bukavu na Bujumbura, na mtadhani hawana maoni. Jadilini kwa Kiswahili, makala iandikwe kwa lugha ya jarida. Muhtasari uwe mfupi: uamuzi uliofikiwa, nani anafanya nini, lini. Uhifadhiwe kwenye folda ya pamoja. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbushana, ila uamuzi ukibaki humo utazikwa chini ya salamu za Idi na pole za misiba ndani ya wiki moja.

Hatua ya 5: Vibali

Hapa ndipo ratiba hupasuka, kwa hiyo anzeni mapema kuliko mnavyodhani. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa afya hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa idhini ya maadili. Zanzibar ina utaratibu wake, msifike Paje na cheti cha Bara peke yake. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, baada ya idhini ya kamati ya maadili. Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, vilevile baada ya kamati ya maadili. Baada ya ngazi ya taifa mnashuka: mkoa, wilaya, shehia au kijiji upande wa Tanzania, kaunti upande wa Kenya. Barua za ngazi hizi mzifuate wenyewe kwa miguu, na mwenyeji wenu wa eneo awe mbele.

Taarifa za watu zina sheria sasa: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba data itavuka mpaka, kama itavuka. Sampuli za viumbe zikisafiri, pawe na mkataba wa uhamishaji unaosema nani anazimiliki na nini kitatokea zikizaa kitu cha kuuzwa.

Hatua ya 6: Pesa

Mkiwa na kazi ndogo iliyokamilika, waraka wa utaratibu na makubaliano, sasa tafuteni ruzuku. Andiko lenu litakuwa na kitu ambacho mengi hayana: ushahidi kwamba watu hawa wanaweza kufanya kazi pamoja.

Kabla ya kukubali taasisi gani ishike fedha, ulizeni ofisi yake ya uhasibu kwa maandishi: inakata asilimia ngapi, na inachukua muda gani kuhamisha pesa kwa taasisi mshirika ya nchi nyingine? Bajeti iwe wazi kwa wanachama wote, mpaka mstari wa posho. Siri ya posho haidumu, na ikifichuka inaacha uchungu mkubwa kuliko kiasi chenyewe. Wakulima wa mwani mnaowatoa shambani nao wawe na mstari wao, kwa sababu si kila siku maji hupwa kiasi cha kutosha kufanyia kazi.

Fedha zikitoka Ulaya au Marekani, someni kwa makini sehemu ya umiliki wa data na ya mtafiti mkuu. Mshirika wa nje mwenye nia njema atakubali mtafiti mkuu mwenza wa hapa, tena mwenye sahihi kwenye bajeti. Akikataa, mmeshajua mtakuwa nani kwenye mradi huo.

Hatua ya 7: Msuguano utakuja

Mwaka 1965 Bruce Tuckman alieleza kwamba makundi hupita kuundwa, kusuguana, kuwekeana kanuni, kisha kutenda. Maisha hayafuati mstari ulionyooka hivyo, lakini jambo moja linawasaidia wanaoanza: msuguano wa miezi ya mwanzo ni wa kawaida, haumaanishi mlichagua watu wabaya. Mara nyingi sura yake ni ukimya. Mtu aliyekuwa akijibu ndani ya saa moja anaanza kujibu baada ya wiki. Mpigieni simu, msimwandikie kwenye kundi mbele ya wote. Huenda amepewa madarasa manne ya ziada. Huenda aliona rasimu ikienda bila jina lake.

Teueni mapema mtu mmoja nje ya kundi, anayeheshimiwa na wote, atakayesikiliza ugomvi ukishindikana ndani. Jina lake liwe kwenye makubaliano.

Hatua ya 8: Makala ya kwanza, kisha kukua

Makala ya kwanza iwe ndogo. Kueleza data mliyokusanya na jinsi mlivyoikusanya kunatosha, na wengine watainukuu kwa miaka. Mmoja awe na mamlaka ya kufunga rasimu, la sivyo maoni hayataisha.

Mkishachapisha, watu wataomba kujiunga. Wapokeeni kwa mlango uleule: wasome waraka wa utaratibu, wafanye kazi ndogo, watie sahihi. Masakhane walikua hivyo kwa kazi moja baada ya nyingine. Hazina yao ya sentensi zilizowekewa alama kwenye majina ya watu, mahali na taasisi, MasakhaNER, ilitoka 2021 ikiwa na lugha 10, Kiswahili, Kijaluo, Kiluganda na Kinyarwanda zikiwemo. Toleo la pili mwaka uliofuata likafika lugha 20. Iliwezekana kwa sababu msemaji wa lugha mpya alikuta mwongozo wa kuweka alama, hakuanza kubuni upya. Hata tafiti kubwa kupita kiasi zinasimama juu ya hilo. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilikuwa na vituo 11 katika nchi 7, Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa vikiwemo, na vituo vyote vilifuata itifaki moja.

Uongozi uzunguke kila baada ya miaka miwili, na kiongozi anayetoka akae mwaka mmoja akimsaidia anayeingia. Nywila za folda, barua pepe na hazina ya data ziwe kwa watu wawili wakati wote.

Hatua ya 9: Kurudisha matokeo na kufunga

Kundi linaruhusiwa kuisha. Swali likijibiwa na hakuna jipya linalowaunganisha, fungeni kwa utaratibu: data kwenye hazina ya umma yenye kitambulisho cha kudumu, au kwenye maktaba ya chuo ikiwa ina taarifa za watu, hesabu za fedha zisomwe mbele ya wote, rasimu zilizobaki zipewe wenyewe, na iwekwe tarehe ambayo ikipita bila kuguswa mwanachama mwingine anaweza kuzichukua.

Kabla ya yote hayo rudini kwa waliowapa data. Andaeni karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, yenye kile mlichokiona na kile ambacho mkulima anaweza kukijaribu. Majina ya vijiji yaandikwe ikiwa wenyewe wameridhia. Kikao kiwe wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, kwa kuwa bamvua likija na maji yakipwa mbali wanawake wako mashambani, na mhakikishe anayeeleza matokeo ni yule aliyekuwa akienda kupima kamba pamoja nao, kwa sababu yeye ndiye watakayemuuliza maswali ya kweli.